Tufe la Hajati na Alama ya Asumani

Siku mliponiaga, vijana wa karakana, mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Saa inakwenda vizuri, asanteni, ingawa aliyetoboa tundu la kuitundikia alikuwa na haraka. Kuandika ndiko kulikonichelewesha. Kila nikishika kalamu nataka kueleza habari za biti, mikanda na grisi, na kila mara mkono unakimbilia kwa mtu mmoja, Asumani wa Koboko, fundi mwenzangu, ambaye nimemwonea wivu tangu wiki ya kwanza ya kazi mpaka leo asubuhi. Nimeona nikiuficha wivu huo nitakuwa nawadanganya, maana nusu ya ufundi wangu imetoka humo.

Tulianza kazi wiki moja, yeye Jumatatu na mimi Jumatano, na hata hizo siku mbili alizonitangulia ziliniuma. Wakati ule karakana ilikuwa ikitengeneza vinu vya kusaga unga, pampu za visima na magari ya mizigo, kutoka Arua mjini mpaka mpakani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Onzima, mtu mfupi aliyeweka chaki nyuma ya sikio na kuisahau huko, kisha akaitafuta karakana nzima. Alitupa kila mmoja kipande bapa cha chuma, akasema tutoboe tundu katikati bila rula.

"Jicho tu," alisema. "Rula iko napotea. Jicho hapana potea."

Nilikikodolea macho chuma changu mpaka yakatoa machozi, nikapiga alama, nikatoboa. Asumani alikigeuza chake mara mbili, akashika nyundo kwa mkono wa kushoto, akapiga alama mara moja, akatoboa. Nilicheka. Kwetu Pajulu ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto anakutazama kwanza usoni ajue una ugomvi gani naye. Nilijua kabisa kwamba huyu kijana wa Kinubi atarudishwa Koboko kabla ya chakula cha mchana.

Mzee Onzima alivipima vipande vyetu kwa uzi. Changu kilikuwa kimekosea kwa unene wa ukucha. Tundu la Asumani lilikuwa katikati. Mzee alinigeukia mimi niliyecheka. "Yeye alitumia mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Basi na wewe jaribu hiyo."

Karakana yote ikaangua kicheko, na Asumani mwenyewe akacheka, tena bila ubaya, jambo lililonikera zaidi. Donge lile lilinikaa kooni miaka yote. Nimekula nalo mihogo na nimekula nalo pilau ya Idi nyumbani kwa ndugu zake, na bado lipo.

Sasa niwaeleze sheria, maana ninyi mmeiacha na mimi sikuwakemea ipasavyo. Zamani hakukuwa na tundu lililotobolewa na mtu mmoja. Unapima, unapiga alama, kisha unamwita mwenzako. Yeye anapima tena kutoka mwanzo, hakuulizi chochote na wewe humwambii chochote. Akiridhika, anachora alama yake ya chaki kando ya yako, na hapo ndipo biti ya kutobolea inashuka. Asiporidhika anasema "hapana" na kuondoka, hakuonyeshi kosa liko wapi. Alama yangu ilikuwa msalaba. Ya Asumani ilikuwa mwezi mchanga. Mzee Onzima alitupanga sisi wawili tuwe macho ya kila mmoja kwa mwenzake, na mimi nikaenda kumwomba anibadilishie mtu.

"Unataka nani?"

"Hata Drani, mzee." Drani alikuwa rafiki yangu wa Onduparaka, tulikuwa tukienda kutazama mpira pamoja.

"Drani ataweka alama na akili yake iko kwa goli," Mzee alisema. "Asumani anataka wewe ukosee. Na wewe unataka yeye akosee. Mimi nataka macho ya namna hiyo kwa kazi yangu."

Nilirudi kwenye meza yangu nimenuna. Lakini tazameni kazi ya kinu cha Logiri. Kitako cha injini kilikuwa kimevunjika, wakatuletea nusu yake tu, nyingine ilikuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nilitakiwa kutengeneza kitako kipya chenye matundu sita, yaingie kwenye boliti zilizokwishajengewa saruji kule. Watu wa Logiri walikuwa wanasubiri na mihogo yao mikavu. Nilipima siku nzima, nikapiga alama sita nzuri, nikamwita Asumani. Alipima taratibu, akapima tena, akasema, "Hapana," akaenda zake akipiga mluzi. Nilichukia mluzi ule kuliko kosa lenyewe. Nilitafuta mpaka saa kumi jioni ya kesho yake nikagundua kwamba nilikuwa nimepima kuanzia ukingo uliovunjika, kana kwamba ndio ukingo halali. Matundu yote sita yangesogea. Kinu kile bado kinasaga mpaka leo, na kila nikipita Logiri nikasikia mlio wake nakumbuka mluzi.

Mimi nami nilimshika, msidhani sikumshika. Mara nne. Ya kwanza ilikuwa pampu ya kisima, alipohesabu matundu ya pete ya bomba na kurudia moja. Ya pili ilikuwa sahani ya klachi. Ya tatu, mlango wa chuma wa ghala. Ya nne, ekseli ya mkokoteni, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa amevaa shati la kijani. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza ugali. Yeye alinishika mimi mara ngapi, hilo sikuliandika popote.

Mzee Onzima alipoondoka kazini alitugawia vifaa vyake. Alikuwa na panchi, kile kijiti cha chuma chenye ncha unachokigonga kwa nyundo ili biti ipate pa kukaa isiteleze. Aliitengeneza mwenyewe kutokana na vali ya injini ya lori, na kiganja chake kilikuwa kimeing'arisha. Nilikuwa nimeipigia mahesabu panchi ile tangu nikiwa kijana. Alimpa Asumani. Mimi akanipa kopo la chaki, tena nusu. Niliingiwa na kijiba cha roho, nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Basi nikastaafu. Asumani alitangulia kwa miezi mitatu, kama kawaida yake. Karakana ilipouza mashine kuukuu, ile ya kutoboa ya kusimama, yenye mguu mrefu wa chuma, ambayo sote tulijifunzia, ilinunuliwa na Asumani akaipeleka nyumbani kwake Koboko. Nilipofika kuuliza, nilikuta alama nne za boliti sakafuni. Nilizitazama kwa muda, nikaenda dukani mjini kununua yangu.

Yangu ni ndogo, ya kukaa mezani, imetengenezwa kwa ajili ya mbao. Niliifunga kwenye chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka jembe na magunia. Msifunge mashine ya kutoboa juu ya meza ya mbao mkidhani uzito utaishikilia. Nilimwaga saruji, nikazamisha boliti nne, nikaiacha ikauke wiki nzima huku nikiimwagia maji. Halafu nikaweka juu ya meza ya mashine kikombe kilichojaa maji, nikaiwasha. Maji yakitetemeka kidogo, endelea na kazi. Yakimwagika, kaza boliti. Mke wangu alisimama mlangoni na kunitazama nikiinamia kikombe.

"Hii iko nyumba ama iko karakana?" aliuliza.

"Asumani anayo nyumbani kwake," nilimjibu.

"Asumani pia anapaka nyumba yake rangi," alisema, akaenda.

Nilikuwa natoboa bawaba, mapedeli ya baiskeli na vipini vya majembe, na nilikuwa nimetulia kiasi, ndipo akaja Madamu Letaru. Ana nyumba ya wageni hapa Arua. Alikuwa amenunua njia mbili za bolingi zilizokwisha kutumika, kutoka kwenye hoteli iliyofungwa, na kuzijengea banda refu nyuma ya jengo lake. Kwa asiyeujua mchezo huo, unaviringisha tufe zito kwenye sakafu ya mbao ili liangushe pini kumi zilizosimama mwisho, ambazo watu wa hapa wanaziita chupa. Tufe lina matundu matatu ya kuingizia vidole. Vijana wa Onduparaka walimcheka sana Madamu, wakauliza ni mpira gani huu wa kutia vidole, tena hauna hata golikipa.

Matufe yaliyokuja na njia zile yalikuwa yamechakaa, kwa hiyo aliagiza mapya saba ambayo hayajatobolewa. Sita yalikuwa ya watu sita watakaofungua mchezo, kila mtu kwa kipimo cha mkono wake, na la saba la akiba. Matatu aliyaleta kwangu.

"Na hayo mengine?" niliuliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Asumani wa Koboko," alisema. "Mimi nataka kuona nani iko fundi."

Hapo alinikamata.

Tufe la bolingi halikai. Hilo ndilo la kwanza mtakalogundua. Nililiweka juu ya ngata ya mke wangu, ile ya kubebea mtungi, biti ikaligusa, tufe likazunguka na ngata ikaniruka kifuani. Nikatafuta beringi kubwa ya gurudumu la lori, nikaifunga kwenye meza kwa boliti, tufe likakaa ndani yake vizuri, nikalibana kwa ukanda kutoka juu. La pili, halipatani na mashine ndogo. Tufe likishakaa mezani, hakuna nafasi ya biti kati yake na kichwa cha mashine. Niliwaza siku mbili. Kisha nikatoa mguu mfupi wa mashine, nikaweka kipande cha bomba la kisima, kirefu karibu mara mbili, nikakizungushia bati mpaka kikabana barabara. Nikaunyoosha kwa timazi. Asumani na mguu wake mrefu wa kununua hakuhitaji kufikiri hayo yote, na nilitaka mtu amwambie.

Mengine ni haya. Rudisha mkanda kwenye puli ya mwendo wa polepole, la sivyo tufe linaungua na kunuka kama kopo la plastiki lililotupwa motoni. Toa biti mara kwa mara, unga mweupe unajaa. Funga kitambaa puani. Tundu la gumba liinamishe kidogo, maana gumba la mtu halikuchongwa wima. Kingo zilainishe kwa msasa mpaka ukipitisha ulimi usikwaruze, na ndiyo, nilipitisha ulimi. Tundu likilegea, tufe linatoka mkononi kabla ya wakati. Likibana, linaondoka na mtu.

Tufe la kwanza lilikuwa la Madamu mwenyewe, la pili la mwalimu mmoja wa hapa mjini. Yalikaa vizuri. Sikumwita mtu kutazama alama zangu. Nilijiambia kwamba nimestaafu, na sheria ya karakana imebaki karakana.

La tatu lilikuwa la Hajati Zamu, dada mkubwa wa Asumani. Hajati anasuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na yale yanayofunika meza zote za Madamu ni kazi ya mikono yake. Yeye ndiye aliyechaguliwa kurusha tufe la kwanza mbele ya wageni wote. Nikamuuliza Madamu kwa nini tufe la Hajati halikwenda kwa ndugu yake. Alisema Asumani aliliomba, na Hajati akamjibu kwamba Candia pia iko fundi, mpeni Candia. Vijana, kwa kusikia jina langu hivyo niliimba siku ile. Mke wangu aliniuliza kama nimeugua.

Nilitaka tufe hilo liyashinde matatu ya Asumani. Madamu alikuwa amemchora Hajati mkono wa kulia kwenye karatasi ya daftari, kiganja kikiwa chini, kila kidole na mstari wake. Kwa matufe mawili ya kwanza nilikuwa nimehamisha vipimo kimoja kimoja kwa bikari. Kwa hili nilitaka usahihi zaidi, nikabuni njia. Nilisaga chaki ya Mzee Onzima, nikaipaka juu ya mistari ya ule mchoro, nikailaza karatasi kifudifudi juu ya tufe, nikaisugua kwa kijiko. Nilipoibandua, mkono wote ulikuwa umehamia kwenye tufe, mweupe na safi. Nilijipongeza kwa sauti. Nikapiga alama, nikachora msalaba wangu, nikatoboa matundu matatu ambayo sijawahi kutoboa mazuri kuliko hayo.

Siku nne kabla ya ufunguzi, Madamu alimleta Hajati kwangu Pajulu kujaribu. Mke wangu alitandika mkeka, akaleta chai. Hajati alinisalimu kwa mikono miwili, akaulizia watoto wote kwa majina, kisha akaingiza vidole kwenye tufe. Gumba liliingia. Kidole cha kati kilikwama kwenye pingili. Kidole cha pete kilipwaya. Akakitoa, akakiangalia, akajaribu tena.

"Candia," alisema taratibu, "hii vidole yangu iko mgonjwa, ama hii tufe iko mgonjwa?"

"Labda joto, Hajati."

Halafu akabadilisha mkono. Wa kushoto ukaingia wote, vidole vitatu, bila kusukuma, mpaka mwisho. Akaliinua tufe mbele yetu kwa mkono ule, na hapo nikaelewa. Karatasi niliyoilaza kifudifudi ilikuwa imeupindua mkono. Kulia kwangu kulikuwa kumegeuka kushoto, na mimi nilikuwa nikijipongeza.

"Mimi nakula na hii mkono?" Hajati aliuliza. Hakuwa amepandisha sauti. "Huyo Asumani alipokuwa mtoto nilimfunga hii mkono na kitambaa, ajue kula kama watu. Leo wewe unataka mimi nisimame mbele ya wageni, na bismillahi yangu, nirushe na kushoto?"

Mke wangu alijifanya anaosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai. Madamu alisema tufe la akiba lipo, nalo litakwenda Koboko moja kwa moja. Nilihisi kwamba likienda, miaka yangu yote itakwenda nalo. Watu wasingekumbuka vinu wala pampu. Wangesema Candia ndiye yule aliyempa Hajati mkono wa kushoto, ikabidi Asumani atengeneze. Nikamwomba Madamu anipe mimi. Nilimwomba kwa namna ambayo sikuwahi kumwomba mtu kitu chochote.

Madamu alimtazama Hajati. Hajati alikuwa analigeuza tufe bovu, akitafuta kitu.

"Hii msalaba iko yako," alisema. "Alama ya Asumani iko wapi?"

Nilimwongezea chai.

"Yeye aliniambia sheria yenu. Mimi naijua." Aliliweka tufe chini juu ya mkeka. "Toboa ingine. Lakini iwe na alama ya ndugu yangu. Na hii moja mpelekee, aione."

Kesho yake jirani yangu mwenye pikapu alinishusha Koboko na gunia lenye matufe mawili, moja zima na moja la aibu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kusema, na nilipofika nilisahau yote. Asumani alikuwa nyuma ya nyumba, na ile mashine yetu ya zamani imesimama kwenye baraza safi, amekwisha kuipaka rangi ya bluu. Juu ya rafu yalikuwepo matufe yake matatu. Nilitia vidole kwenye moja alipokwenda kuniletea kiti. Kingo zake zilikuwa laini kuliko zangu. Nikalirudisha.

Nilimwambia jambo lilivyokuwa. Nilitegemea mluzi. Hakupiga mluzi, alitoa tufe bovu kwenye gunia, akalitazama muda mrefu, akaingiza mkono wake wa kushoto. Ukaingia mpaka mwisho. Akalipembeza mara moja, mara mbili, kama mtu anayepima nazi.

"Nani alikupa kipimo yangu?" aliuliza.

"Hakuna. Ni kipimo cha dada yako."

Aliutandaza mkono wake mezani, akauangalia. Vidole vyake na vya Hajati ni vya mama mmoja, tofauti ni upande tu. Kwa nusu saa tuliyokaa hakuuondoa mkono kwenye tufe lile. Nilimwambia, kwa kuwa linamfaa, basi aliwekee mwezi wake, ili watu waone tulitoboa kwa kukusudia.

"Alama iko nawekwa mbele ya kutoboa," Asumani alisema. "Hii ulitoboa peke yako. Mimi siandiki."

"Hata kunisitiri?"

"Hata hivyo."

Niliumia, lakini ningekuwa yeye ningesema vile vile. Basi nikatandaza mchoro wa Hajati juu ya tufe jipya, safari hii uso juu, nikahamisha vipimo kimoja kimoja kwa bikari, nikaweka alama. Yeye alikwenda kukaa mbali, akitazama barabara, kama ilivyo sheria. Nilipomaliza alikuja na vifaa vyake, akapima kutoka mwanzo. Alipima mara ya pili. Nilijikuta nimesimama wima kama kijana wa siku ya Jumatano. Halafu akachukua chaki, akachora mwezi mchanga kando ya msalaba wangu.

"Piga," alisema, akanipa panchi ya Mzee Onzima.

Nilikuwa sijawahi kuishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na ilikuwa na joto la mfuko wake. Niligonga mara tatu, tundu la gumba, la kati na la pete. Kisha niliirudisha. Nataka mjue kwamba niliirudisha.

Alisema nitumie mashine yake nitoboe palepale. Nilisema ninayo yangu. Nilimwachia tufe la aibu na gunia, nikarudi Pajulu na jipya mkononi, nikaliweka kwenye beringi, nikatoboa chini ya bomba la kisima bila kufuta chaki. Umeme ulikatika kidole cha pete kikiwa nusu, nikakaa kitini nikilishikilia tufe kwa mkono mpaka ukarudi, maana sikuamini kitu kingine chochote kulishikilia.

Jumamosi banda la Madamu lilijaa mpaka madirishani. Vijana wa Onduparaka walikuja kucheka na hawakupata nafasi ya kukaa. Hajati alisimama na gauni lake la gomesi, la zambarau, akasema bismillahi, akaingiza vidole vya mkono wa kulia, na mimi nikafumba macho. Tufe likaenda taratibu, taratibu sana, mtu angeweza kulisindikiza kwa miguu, likaangusha chupa tatu. Watu walishangilia. Hajati aliinua kiganja chake cha kulia akinionyesha mimi, vidole vyote vitano vizima.

Walirusha wengine, wengi wao waliangusha hewa. Asumani hakuwa kwenye orodha ya wale sita, lakini Madamu alimwita arushe kwa heshima ya fundi. Alitoa tufe kwenye mfuko. Lilikuwa lile langu la aibu. Alirudi hatua nne, akaja, akaliachia kwa mkono wa kushoto, na lilikwenda huku yeye akipiga mluzi wake ule ule. Chupa zote kumi zilianguka. Banda lilinguruma. Hata wale wa Onduparaka walipanda juu ya viti.

Nilisimama nyuma nikiona kosa langu mwenyewe linampa sifa mtu mwingine. Roho iliniuma, sitaificha. Nilitamani liwe limepinda.

"Hii tufe alitoboa nani?" kijana mmoja aliuliza kwa sauti. "Ni wewe, mzee?"

Asumani alininyooshea kidevu kule nilikosimama. "Candia," alisema, na watu wakanyamaza wamsikie. "Peke yake. Bila alama yangu."

Waliokuwepo walielewa kwamba ananisifu. Walinizunguka, wakanipa mikono, wengine wakaniuliza kama natoboa na vitu vya watu wa kawaida. Ni mimi na yeye tu, na Hajati aliyekuwa anacheka ndani ya mtandio wake, tuliojua maneno yale yana nini ndani. Miaka yote nilitamani Asumani anitaje mbele za watu, na siku aliponitaja alitaja tufe nililokosea. Nilisema asante.

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Leo asubuhi nimekwenda Koboko kufuata gunia langu. Alikuwa jikoni anachemsha chai ya tangawizi, tufe liko juu ya rafu, nikalichukua nikaingiza gumba langu, hivi hivi tu, kwa mazoea. Tundu la gumba lilikuwa limebadilika. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko nilivyolitoboa mimi, na lilikuwa limelalia upande mmoja, kwa unene wa ukucha.

"Umeligusa hili?" nilimuuliza alipotoka na birika.

"Kidogo tu. Lilikuwa linabana."

Nililigeuza tufe polepole, nikiangalia pande zote, kama dada yake alivyofanya kwenye mkeka wangu.

"Alama yangu iko wapi?"

Asumani alisimama na birika mkononi.

"Hii ni mara ya tano nakushika," nilimwambia, nikavuta kiti. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai yake, na kila kimoja alikimimina yeye.